Kwa Mgongo wa Chupa

Siku tuliyomzika mume wangu Gideoni, kijana mmoja wa kuosha magari hapa Tunduma alipiga magoti mbele ya gari la kubebea jeneza, akaanza kupulizia tairi dawa ya kung'arishia kutoka kwenye chupa ya plastiki. Alifanya kwa moyo mweupe, maana hakuna aliyemtuma. Lakini alipulizia mno. Dawa ilitiririka mpaka kwenye changarawe, na tairi zikametameta zote, hadi sehemu inayokanyaga barabara, jambo ambalo mtu mwenye akili halifanyi. Nilikuwa nimekaa mkekani na kitenge cheusi kichwani, wanawake wamenizunguka wakisubiri nilie, nami nawaza kwamba mng'aro ule hautafika Vwawa. Nilimwita mwanangu Ezekia, nikamnong'oneza amwambie yule kijana achukue kitambaa kikavu afute nusu. Ezekia alinitazama kwa huruma, akanishika bega, akaniletea maji. Niliyanywa. Tulipoacha lami na kuingia njia ya kijijini, vumbi lilinata kwenye dawa ile mbichi, na Gideoni alifika makaburini juu ya magurudumu mekundu.

Katika umati ule wote ni mtu mmoja tu mwingine aliyekuwa akiangalia tairi badala ya jeneza. Alikuwa bibi wa rika langu, mwembamba, amevaa kitenge cha kijani na sweta la kiume, amekaa mwisho wa mkeka ambapo hukaa watu wasio na mwenyeji. Walisema amevuka mpaka asubuhi ile kutoka Zambia, na kwamba aliwasalimu watu kwa Kibemba. Kijana alipopulizia gurudumu la nyuma, bibi yule alifyonza, akatikisa kichwa, akasugua kidole gumba juu ya ncha za vidole vingine kama mtu anayepima unga. Nikamjua. Sikuwahi kumwona maishani mwangu, wala kuiona picha yake, wala kulisikia jina lake, na bado nilimjua kuliko nilivyowajua wengi waliokuwa wamenishika mikono. Ili nieleze nilimjuaje, inabidi nirudi kwenye mwaka mmoja, miaka michache kabla ya Uhuru, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na upweke ambao tangu hapo sijauona tena, hata leo nikiwa mjane.

Nilifika Tunduma mwezi wa Februari, mvua zikiwa nzito, wiki sita baada ya kumzika mtoto wangu wa kwanza. Alikaa nasi siku nne. Gideoni alikuja kunichukua kwa mama yangu kule Mbozi, akanipandisha kwenye lori, na mama akaweka kikapu miguuni mwangu: unga wa ulezi, maharage, uyoga mkavu, na kibuyu cha mafuta ya nyonyo aliyoyatengeneza kwa mikono yake kwa ajili ya ngozi ya mjukuu wake. Nyumbani kwetu mafuta ya mtoto hayageuzwi kazi. Hayaungiwi mboga, hayapakwi mtu mzima, na mtoto akiondoka yanamsubiri mwingine. Mama hakusema neno juu ya kibuyu kile. Alikikaza tu kizibo chake cha gunzi la hindi, akageuka akarudi ndani.

Chumba chetu kilikuwa cha pili katika safu ya vyumba vinne nyuma ya duka la Mhindi. Tunduma ya wakati ule haikuwa mji. Ilikuwa kizuizi cha barabara, ofisi ya forodha, maduka mawili, kibanda cha fundi, na upepo. Chumbani kulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la mbao, meza yenye mguu mmoja mfupi niliouwekea kigae, na dirisha la ubao lililotazama barabarani. Gideoni aliendesha lori la tajiri mmoja wa Mbeya. Alipakia mchele na maharage, akapita hapa, akavuka mpaka, akashuka na barabara kubwa kupitia Mpika mpaka kwenye migodi ya shaba, na safari hiyo ilichukua wiki mbili, tatu matope yakizidi. Akirudi alikaa nyumbani siku mbili kabla ya kupeleka gari Mbeya, na siku hizo mbili alikula, akalala, akaamka akala, akalala tena. Akishaondoka nilibaki na sufuria. Niligundua kwamba ugali wa mtu mmoja haupikiki vizuri, unaungua kabla haujaiva, kwa hiyo nilipika wa watu wawili na kula uliobaki asubuhi, umekauka, na chai. Wiki nzima ingeweza kupita sijatamka neno ila la kuomba chumvi dukani.

Kiswahili changu kilikuwa cha shule na cha kanisani, maneno ya kuhesabika. Kile kizuri nilikipata kupitia ukuta. Chumba cha tatu alikaa karani wa forodha na mkewe, Bi Zuhura, watu wa Tanga, na ukuta uliotutenganisha haukufika mpaka kwenye bati, hivyo kila walichosema kilipita juu na kuniangukia. Niliweka kigoda changu kando ya ukuta ule, nikawa nachambua maharage na kuokota maneno. Jioni moja karani alichelewa kurudi, akaanza kumsifia mkewe mchuzi wa samaki kabla hata hajauonja, na Bi Zuhura akasema kwa sauti ya uvivu, "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, bwana wee." Wakacheka wote wawili. Mimi upande wangu sikucheka, nilitafakari. Nilidhani watu wa pwani wana namna yao ya kupakana mafuta, kwa kuzungusha chupa juu ya ngozi, na kwamba mke yule hapendi chupa, anapenda mkono. Niliona ni jambo zuri, mume kumpaka mkewe mafuta. Sisi Wanyiha hatukuwa na mambo hayo.

Mwezi wa Machi Gideoni alikula akashiba, akaniambia habari iliyougeuza mwaka wangu. Tajiri alikuwa anatafuta dereva wa kusomba kahawa ya Mbozi, kuondoka asubuhi na kurudi jioni, na dereva huyo angehamia Vwawa na familia yake. Angempa kazi yule mwenye lori nadhifu kupita yote, maana tajiri alikuwa na wazimu wa usafi, na akipita kwenye mstari wa magari siku ya Jumamosi hakuangalia injini, aliangalia tairi. Gideoni alisema hayo akichokonoa meno, kama anasimulia habari za mtu mwingine. Mimi niliacha kutafuna. Dereva wa kahawa hula chakula cha jioni kwake! Niliamua palepale kwamba tairi za mume wangu zitang'aa kuliko za mtu yeyote kati ya Mbeya na migodini, na zitang'aa kwa kudumu, kwa sababu kutoka hapa mpaka Mbeya ni vumbi au matope, na mng'aro unaofia njiani haumrudishi mtu nyumbani.

Nilikwenda kwa fundi Sinkala. Alikuwa Mnamwanga mfupi wa makamo, askari aliyerudi kutoka Burma, na kazi yake ilikuwa kuziba mipira ya magari kwenye kibanda cha mabati kando ya kizuizi. Tairi siku hizo tuliziita mipira. Alishangaa mwanamke kumwuliza juu ya mipira, kisha akafurahi, maana watu hawakuwa wakimwuliza chochote ila kama amemaliza. Alinipa tairi moja iliyokufa, nikaigawa kwa chaki vipande sita, na kila kipande nikakipaka kitu chake, nikaiegesha mahali ambapo vumbi la barabara lingeifikia. Oili chafu ya injini ilitoa weusi wa kupendeza, lakini wiki haikuisha mpira ukalainika hata ukucha ukaingia. Mafuta ya taa yalisafisha, halafu yakaacha rangi ya majivu na mipasuko midogo. Maji ya sukari, wazo langu mwenyewe, yaliita siafu, na fundi alicheka mpaka akakaa chini. Dawa ya viatu ilikuwa nzuri ila ilibanduka mpira ulipojikunja. Nta ya nyuki peke yake ilikuwa ngumu, haikuenea, ikafanya utando mweupe. Na mafuta ya karanga siku ya kwanza yalishinda yote, nilitaka kupiga vigelegele, lakini siku ya tatu yalikuwa yamejikusanyia vumbi yakawa tope, na baada ya wiki kipande kile kilinuka sufuria la juzi. Harufu ile niliishika kichwani bila kujua kwamba nitaihitaji.

Fundi alisema dawa ni kuichanganya nta na mafuta yasiyochacha na yasiyokula mpira, na mafuta ya namna hiyo ni ya nyonyo. Jeshini walikuwa wakiyatia hata kwenye breki. "Mpira ni ngozi, mwanangu," aliniambia. "Uoshe, uukaushe kivulini, paka kidogo, futa kingi. Kinachobaki baada ya kufuta ndicho chako." Nikarudi chumbani nikakaa kitandani. Nyonyo zilizoota nyuma ya maduka zilikuwa bado mbichi, za kijani, na dukani kulikuwa na vichupa vidogo vya dawa ya tumbo tu. Kibuyu cha mama kilikuwa kimening'inia kwenye msumari juu ya kichwa changu. Nilikishusha, nikakipakata. Najua jinsi linavyosikika jambo hili, mwanamke kumnyang'anya mtoto wake marehemu mafuta akaipake tairi, na watoto wangu sijawahi kuwaambia mpaka leo ninapoandika. Lakini nilijiambia kwamba mtoto mwingine hatakuja kwenye nyumba ambayo baba yake hayumo. Nikang'oa kizibo.

Niliyeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, nikamimina nyonyo, nikatia masizi niliyoyakwangua kwenye chemni ya taa. Gideoni aliporudi na kulala usingizi wake, niliziosha tairi kwa sabuni na brashi ya katani niliyoazima kwa fundi mpaka maji ya ndoo yakaacha kuwa ya kahawia, nikangoja zikauke, nikapaka kwa kipande cha blanketi ubavuni tu, si pale panapokanyaga barabara. Nta iliacha mistari na alama za vidole vyangu. Nilifuta, zikabaki. Ndipo nikamkumbuka Bi Zuhura na chupa. Nilichukua chupa tupu ya dawa ya kikohozi, nene, nikaiweka juani mpaka ikapata moto, kisha nikapitisha mgongo wake juu ya nta nikiubonyeza, taratibu, kuzunguka gurudumu zima. Mistari ikalala. Nta ikaingia ndani ya mpira, na juu ukabaki weusi mtulivu, usiometameta, wa kina. Nilimbariki Bi Zuhura na pwani yote.

Fundi Sinkala alikuja akalizunguka lori mara mbili, akasimama wima akalipigia saluti. Gideoni alipoamka alicheka, akasema sasa lori linakwenda kuoa. Alikwenda nalo Mbeya, akapita tena kuelekea kusini, na tairi zilikuwa bado nyeusi. Nikaanza kungoja. Aprili ikaisha. Mei ikaisha, baridi ikaanza, asubuhi ukungu unakaa barabarani mpaka saa nne. Kila aliporudi nilimwuliza habari za kahawa, na kila mara alisema tajiri hajaamua, wenye maamuzi makubwa huchelewa. Nami nilirudia kazi yangu, osha, kausha, paka, futa, pitisha chupa, huku kibuyu kikizidi kuwa chepesi. Nilikuwa na furaha siku zile mbili za tairi kuliko siku zote za mwezi, na nasikitika kusema kwamba nilikaa na magurudumu muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume.

Julai alirudi na tairi zinang'aa. Nilitoka na ndoo yangu nikitegemea vumbi, nikakuta ng'aring'ari. Nikainama. Harufu ya sufuria la juzi ikanipanda puani, na sikuhitaji kufikiri: karanga. Nilikwangua kidogo kwa ukucha, na chini yake nta yangu ilikuwa pale pale, haijatikisika. Nilimwuliza Gideoni, akanijibu bila kugeuka kwamba alinunua mafuta njiani akapaka mwenyewe. Gideoni, ambaye hata visigino vyake mwenyewe hakuvipaka. Nilirudi nikaangalia vizuri. Kwenye ubavu wa tairi kulikuwa na herufi zilizoinuka, na katikati ya kila herufi palikuwa pamefutwa kwa ncha ya kitambaa. Hata kifuniko cha vali kilikuwa kimesuguliwa. Mwanamume akifanya kazi kwenye gurudumu huchuchumaa, na akichoka goti anaacha. Huyu alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, na alikuwa na siku nzima mbele yake, kama mimi. Niliuweka mkono wangu pale ulipopita mkono wake. Usiku ule Gideoni alinipa fungu la viwavi wakavu wa huko Ubemba, wamefungwa vizuri kwenye kitambaa, na niliwala.

Bado nilijidanganya. Mtu mpweke ana kipaji hicho. Nilijiambia huenda ni mwosha magari wa Mpika, huenda ni shangazi wa mtu. Siku ya pili nilikwenda kumrudishia fundi brashi yake, na nyuma ya bati nikamsikia dereva mwingine wa tajiri yuleyule akizungumza naye, mpira wake ukizibwa. Alisema Gideoni ni mjinga. Tajiri alimpa kahawa tangu Pasaka, mbele ya watu wote, kwa sababu ya zile tairi, na Gideoni akakataa, akasema hawezi kwenda na kurudi kama ng'ombe wa maziwa. Kahawa akapewa mwingine, mgonjwa wa macho, ambaye sasa anaimba kutwa kwa furaha. Nikasikia sauti ya fundi, ya chini, ikisema mkewe asijue. Sikumrudishia brashi. Nilirudi nayo.

Niliumia kwa namna ambayo sijui kuipamba. Nilikaa nje kwenye ngazi ya mlango wangu nikalia kwa sauti, mchana kweupe, na Bi Zuhura, ambaye miezi mitano alikuwa amenipa salamu na si zaidi, akatoka na upawa mkononi. Aliketi kando yangu. Nilimweleza yote kwa Kiswahili changu cha kuokoteza, ambacho kiliokotwa kwake, na nilipomaliza alivuta pumzi akasema, "Pole, mwenzangu. Mumeo amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Nikamwambia hapana, ni mimi niliyepaka, na si yeye, ni tairi zake. Nikaingia ndani nikamletea chupa yenyewe aione. Bi Zuhura aliitazama chupa, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka upawa ukamwanguka. Kisha akaona sicheki, akanyamaza, akanieleza polepole maana yake: kudanganywa kwa maneno laini, kama anayejifanya anakupaka mafuta na kumbe anakupitishia chupa tupu. Akaniomba radhi. Akaniletea bakuli la wali. Ulikuwa mlo wa kwanza kupikwa na mtu mwingine tangu nilipotoka kwa mama.

Watu huuliza kwa nini sikurudi Mbozi. Kule kulikuwa na kaburi dogo na mama ambaye siku ya kwanza tu angeulizia kibuyu. Nilibaki. Na Gideoni aliporudi safari iliyofuata na karanga zake, niliziondoa kwa maji ya moto na sabuni ya magadi, nikapaka nta yangu bora kuliko siku zote, nikapitisha chupa mara tatu, nikamwacha aende. Sikumpigia kelele. Niliyekuwa nazungumza naye hakuwa yeye. Agosti tairi zikarudi na karanga kidogo sana, na ndani yake vipande vya mshumaa. Alikuwa anajaribu, amegundua kwamba chini kuna kitu kigumu, anatafuta ni kitu gani. Mshumaa haukukubali, ulifanya utando mweupe, nami nilijua alivyojisikia alipouona. Septemba alijaribu kwa mkaa uliosagwa. Halafu Oktoba tairi zikarudi hazijapakwa kitu chochote. Zilikuwa zimeoshwa, zimekaushwa, na nta yangu imesuguliwa kwa kitambaa kikavu, kwa uvumilivu, mpaka imetoa weusi ambao hata mimi sikuwahi kuufikia. Alikuwa ameelewa kwamba hakuna cha kuongeza. Kufuta ndiyo kazi.

Niliketi chini pale, miguu nimeinyoosha. Gideoni alilizunguka gurudumu lile akitafuta viatu vyake, wala hakuona lolote. Miezi yote ile nilikuwa nimeifanya kazi ile kwa macho ya mume na ya tajiri, na mtu pekee aliyeitazama kweli, akaishika, akaisoma, alikuwa mwanamke niliyepaswa kumchukia. Nilimchukia. Nilimchukia na kumngoja, yote mawili, na niliogopa siku ambayo lori litarudi na vumbi tu.

Novemba kibuyu kikaisha. Nilikitikisa, nikakiinamisha kwenye kopo kutwa nzima, kikatoa matone machache. Nilizipaka tairi mbili tu za mbele. Gideoni alikuwa mezani anakula, anaondoka kesho yake, nikamwekea mboga, na nikasema kitu ambacho sikuwa nimekipanga. "Mwambie anayezifuta tairi zako kwamba amefuta vizuri." Tonge lilisimama njiani. Aliniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza mwaka ule, na nikaona hofu, kisha aibu. Alinawa mikono na ugali ukiwa bado nusu. Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo, si siku ile wala katika miaka zaidi ya hamsini iliyofuata.

Alirudi safari ile na godoro lake limekunjwa nyuma ya kiti, na tairi zina vumbi. Mwezi wa Januari yule dereva mgonjwa wa macho alishindwa kabisa, tajiri akamrudia Gideoni, na tukahamia Vwawa. Alirudi kila jioni. Ezekia alizaliwa mwaka uliofuata, mama akakamua nyonyo nyingine, wala hakuuliza habari za kibuyu cha kwanza. Nilishinda, kama kuna mtu anayetaka kuliita hivyo. Lakini tairi sikuzipaka tena, maana hapakuwa na wa kuziona, na jioni za kwanza kule Vwawa, mume akiwa mezani na lori limeegeshwa mlangoni, nilitoka mara kadhaa nikainama kulitazama gurudumu, kisha nikarudi ndani kuosha vyombo.

Basi siku ya maziko, tuliporudi kutoka makaburini hadi nyumbani Tunduma, tulikohamia tena uzeeni, na watu wamenawa na wanakula, nilimwendea bibi wa kitenge cha kijani mwisho wa mkeka. Wanawake walitaka kunizuia, mjane hatembei tembei. Nikaketi kando yake. Alikuwa na Kiswahili cha mpakani, cha kununulia na kuuzia, lakini kilitosha.

"Wewe ndiye wa nta, mukwai?" aliniuliza, kwa neno la heshima la Kibemba.

"Na wewe ndiye wa karanga."

Akaitikia kwa kichwa. Jina lake ni Bana Chanda, yaani Mama Chanda. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja Gideoni alipomkuta Mpika, na Gideoni alimwambia kwamba hana mke, na kwamba tairi anazipaka mwenyewe. Tulitazamana. Alisema siku za lori kupita alimpikia mtoto mboga bila mafuta, ili ya karanga yatoshe magurudumu manne. Mimi nikamwambia yangu yalikuwa mafuta ya nani. Hakusema pole. Aliushika mkono wangu akausugua upande wa juu kwa kidole gumba, kama alivyofanya nilipomwona asubuhi. Akaniuliza nililalishaje ile nta, maana alihangaika nayo miezi mitatu, nikamwambia ni kwa mgongo wa chupa. Hakucheka. Hakijui Kiswahili cha pwani, kwa hiyo aliamini neno kwa neno, kama nilivyoamini mimi, akauliza ilikuwa chupa ya namna gani.

Kisha akaniambia sababu ya kupanda basi siku nzima na umri wake, aliposikia msiba kwa madereva wa malori. Siku ya mwisho Gideoni alipofika kwake alisimama mlangoni, akasema, "Umefuta vizuri." Akachukua godoro lake akaenda. Hakumwona tena. Maneno hayo mawili alikaa nayo miaka yote, na hajui kama yalikuwa ya kumshukuru au ya kumfukuza.

"Yalikuwa yake," aliniuliza, "au yako?"

Nilijua jibu lipi ni laini. Ningeweza kumwambia kwamba mume wangu aliona kazi yake, akaisifu kutoka moyoni, na bibi yule angerudi Mpika na kitu cha kushika. Nilimtazama machoni.

"Yangu," nikasema.

Alitoa pumzi ndefu. "Afadhali," alisema. "Yule hakuwa anaangalia."

Gari la jeneza lilikuwa limeegeshwa mbele yetu, tupu, tairi zimevaa vumbi jekundu juu ya dawa ya yule kijana. Bana Chanda alilitazama, akafyonza tena. Akajishika kiuno, akainuka kwa shida, akaniuliza kama ndani kwangu kuna kitambaa kikavu.

Nilileta viwili.